Masafa Mawili Yakizaa ya Tatu

Maiki ikianza kukwaruza katikati ya lokesheni, wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni mtu wa sauti, na wa pili ni mwenye duka aliyemuuzia. Mwongozaji anataka tukio lirudiwe, mwigizaji amekwisha kumaliza machozi yake, na jua linazama. Betri zinabadilishwa, antena inageuzwa huku na huku, na mara mkwaruzo unakoma wenyewe bila mtu kujua sababu. Kesho yake unarudi. Wapiga picha za harusi wanaijua hali hii, waandaaji wa filamu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua, na makanisa yanayorusha ibada mtandaoni pia. Wengi wamekata shauri kwamba ni mkosi wa kazi.

Si mkosi. Fizikia ya mgongano huu inafahamika kwa karibu karne nzima, inapigika kwa hesabu za kujumlisha na kutoa, na sehemu kubwa ya dawa yake haigharimu hata shilingi. Kwa kikundi kinachokodi kamera kwa siku na kununua maiki kwa mchango, hiyo ni habari njema kuliko tangazo la kifaa chochote kipya.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba mawimbi ya redio yanapopishana hewani kwa kawaida hayadhuriani. Wimbi la maiki, la simu, la televisheni na la waifai hupita mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kila moja likaendelea na safari yake kana kwamba mengine hayapo. Vurugu huanzia ndani ya vifaa vyetu, pale risiva inapotakiwa kuchagua wimbi moja dogo na kuyaacha mengine yote.

Hapo huzuka shida ya kuzidiwa nguvu. Nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali: ukisogea mbali mara mbili inabaki robo, ukisogea mara kumi inabaki sehemu moja ya mia. Sasa itazame kamera ya lokesheni ya siku hizi. Juu yake kuna transmita ndogo inayopeleka picha kwenye skrini ya mwongozaji, na sentimita 20 kutoka hapo imefungwa risiva ya maiki. Mwigizaji aliyevaa maiki yuko mita 20. Tuseme transmita ya picha inarusha miliwati 100, ya maiki miliwati 10, na zote ziko katika ukanda mmoja wa masafa. Umbali unatofautiana mara 100, kwa hiyo nguvu inatofautiana mara 10,000. Zidisha kwa 10 iliyo tofauti ya vifaa vyenyewe. Hata uwanja ukiwa wazi bila ukuta wala mti, risiva inafikiwa na wimbi la picha lenye nguvu mara 100,000 kuliko wimbi la sauti inayoitafuta. Ni kama kusimama mbele ya spika ya singeli huku ukijaribu kusikia shangazi ananong'ona nini upande wa pili wa uwanja.

Muuzaji atakujibu kwamba vifaa vyako haviko masafa mamoja: maiki inatumia megahezi 500 na ushee, picha inatumia gigahezi 5. Akisema hivyo anasema kweli, na tofauti hiyo inasaidia sana, kwa sababu risiva nzuri ina vichujio vya kuzuia masafa yasiyo yake. Lakini hakuna kichujio kisichovuja kabisa, na vichujio vya risiva za bei nafuu huvuja zaidi. Tena zile maiki ndogo zinazobanwa kwenye ukosi na kuuzwa pamoja na kasha la kuchajia, ambazo zimeenea kila mtaa, nyingi zinatumia gigahezi 2.4. Ukanda huo una upana wa megahezi 83.5 tu, na ndani yake wamejaa waifai, Bluetooth, baadhi ya transmita za picha, hata jiko la maikrowevu la jikoni kwa mwenye nyumba mliyoazima kupigia filamu.

Shida nyingine ni ya ajabu zaidi, na ndiyo inayowafanya mafundi wazoefu wakune vichwa. Saketi iliyoelemewa huacha kutii kwa uwiano: ukiiongezea wimbi mara mbili, haitoi mara mbili. Ikifika hapo, masafa mawili yanayoingia pamoja huzaliana. Chukua maiki mbili, moja kwenye megahezi 520.0 na nyingine 520.6. Zidisha ya kwanza kwa mbili, toa ya pili: 519.4. Sasa geuza, zidisha ya pili kwa mbili na utoe ya kwanza: 521.2. Hakuna mtu aliyewasha maiki kwenye 519.4 wala 521.2, lakini mawimbi hayo yapo, yanapimika, na yamebeba mchanganyiko wa sauti zote mbili.

Mtu mnadhifu, akiwa na maiki ya tatu, ataipanga kwa nafasi sawa na zile mbili: 520.0, 520.6, 521.2. Amejitegea mtego mwenyewe, maana ameiweka maiki yake ya tatu juu kabisa ya wimbi walilolizaa wale wawili. Akiisogeza hadi 521.8, kila wimbi la kuzaliwa la aina hii linaangukia pembeni na maiki zote tatu zinapumua. Hesabu inaongezeka kwa kasi kadiri maiki zinavyoongezeka, kwa sababu masafa matatu nayo huzaa kwa kujumlisha mawili na kutoa la tatu. Maiki mbili huzaa mawimbi 2 ya aina hii, tatu huzaa 9, nane huzaa 224. Kwa kichwa haiwezekani, lakini zipo programu za bure za kompyuta zinazoifanya kazi hiyo kwa sekunde chache, na risiva nyingi za kiwango cha kazi huja na makundi ya masafa yaliyokwisha kupangwa kiwandani. Mkanganyiko hutokea pale mtu anapoacha kundi la kiwanda na kujichagulia namba anayoipenda.

Binadamu alijuaje haya? Alianza kwa kuumia. Mwaka 1901, katika mashindano ya mashua karibu na New York, makampuni yaliyokuwa yakigombania kupeleka habari kwa simu isiyo na waya yaliwasha mitambo yao kwa wakati mmoja. Mitambo ya enzi hizo ilirusha cheche zilizotapakaa kwenye masafa mengi kwa pamoja, na matokeo yake waandishi waliokuwa nchi kavu walipokea fujo. Kutoka kwenye aibu za namna hiyo likazaliwa wazo la kila mmoja kukaa kwenye masafa yake, halafu mikutano ya mataifa ya kugawana masafa, ambayo inaendelea mpaka leo.

Kisa cha pili ninakipenda zaidi. Mwaka 1933 mtafiti mmoja nchini Uholanzi alikuwa akisikiliza kituo cha redio cha Uswisi, na nyuma ya kipindi akasikia kituo cha Luxembourg, ambacho masafa yake yalikuwa mbali kabisa na yale ya Uswisi. Redio yake haikuwa mbovu. Mwaka uliofuata maelezo yakachapishwa: kituo cha Luxembourg, kilichokuwa na nguvu nyingi kwa viwango vya wakati ule, kilikuwa kikizipasha joto elektroni zilizo katika tabaka la juu la anga, na kila sauti yake ilipopanda na kushuka, anga hilo lilibadilika kidogo. Wimbi la Uswisi lililopita hapo likiwa njiani kuelekea Uholanzi lilitoka na alama ya sauti ya jirani. Kanuni kwamba mawimbi hayadhuriani hewani ikapata mpaka wake: pakiwa na nguvu ya kutosha, hata anga huelemewa.

Mabaharia nao wamejifunza la kwao kuhusu kutu. Kiungo cha chuma kilichoshika kutu, kikiwa karibu na mtambo wenye nguvu, hufanya kazi ya kuchanganya mawimbi kama saketi iliyoelemewa. Anayeishi Tanga, Lamu au Unguja, ambako chumvi ya bahari haimwachi msumari salama, asishangae kusikia kwamba paa la mabati lililo jirani na mnara wa redio linaweza kuongeza kelele. Kwa maiki za miliwati chache, hata hivyo, kutu si mshukiwa wa kwanza, na sitaki mtu apande paani na msasa kwa sababu ya makala hii.

Miaka ya karibuni imetoa ushahidi wa wazi hata kwa wasio mafundi. Mwaka 2010, huko San Francisco, kampuni kubwa ya simu ilikuwa ikiitambulisha simu yake mpya mbele ya waandishi wa habari wa dunia nzima. Intaneti ikagoma jukwaani. Ilibainika kwamba ndani ya ukumbi mmoja kulikuwa na vituo vidogo vya waifai zaidi ya 500, vingi vikiwa mikononi mwa waandishi wenyewe, na mzungumzaji akalazimika kuwaomba wavizime. Ukumbi wa harusi wa Sinza au Eastleigh siku ya Jumamosi hauko mbali sana na hali hiyo: wageni 300, kila mmoja na simu, baadhi wamewasha hotspoti kwa ajili ya wenzao. Maiki ya gigahezi 2.4 iliyofanya kazi vizuri mlipoijaribu saa nane mchana, ukumbi ukiwa mtupu, haijawadanganya. Ilijaribiwa katika hali ambayo haikuwa ya kazi.

Mwaka 2012 ukachapishwa uchunguzi mwingine ambao kila mpiga picha anayerekodi kwenye diski ya nje angepaswa kuufahamu. Waya na diski za USB 3 hupitisha data kwa kasi kubwa kiasi kwamba huvujisha kelele ya redio, na kelele hiyo huangukia karibu na gigahezi 2.4. Diski iliyobanwa ubavuni mwa kamera, karibu na risiva ya maiki, inaweza kufupisha umbali unaofikiwa na maiki kutoka uwanja mzima hadi chumba kimoja. Mwanafunzi ambaye kipanya chake kisicho na waya hurukaruka kila anapochomeka flashi kwenye kompyuta mpakato amekwisha kukutana na jambo hilohilo. Dawa ni kutenganisha: sogeza diski, tumia waya wenye kinga nzuri, au chomeka upande wa pili. Vivyo hivyo kwa anayempigia mkulima picha za shamba kwa droni. Mawimbi ya setilaiti za kuonyesha mahali husafiri zaidi ya kilomita 20,000 na kufika yakiwa dhaifu mno. Kamera ya ziada ikifungwa juu ya antena inayoyapokea, droni inaweza kupoteza mahali ilipo.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina upande wa sheria na soko pia. Maiki za kazi hutumia nafasi zilizo wazi kati ya chaneli za televisheni. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analogia mwishoni mwa mwaka 2012, ikianzia Dar es Salaam, na Kenya ikamaliza mwaka 2015. Televisheni za dijitali zikabanana chini ya megahezi 694, na masafa ya juu yake yakaelekezwa kwenye simu. Kutoka 470 hadi 694 kuna chaneli 28 zenye upana wa megahezi 8 kila moja. Zilizo wazi Mwanza si lazima ziwe wazi Mombasa, kwa hiyo kikundi kinachosafiri kinapaswa kupima upya kila kinapofika mji mwingine.

Upande wa soko unahitaji tahadhari. Marekani ilipiga marufuku maiki za megahezi 700 mwaka 2010, na mwaka 2020 ikafunga sehemu kubwa ya zile za 600. Kifaa kilichokatazwa kwao hakitupwi; kikipata meli, kinaweza kuishia kwenye kaunta ya duka lako kikiwa kinang'aa na kwa bei ya kuvutia. Kabla ya kutoa pesa, geuza maiki, soma masafa yaliyoandikwa chini au nyuma, na uulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kama yanaruhusiwa. Ukiyakuta yako juu ya 694, urahisi wa bei hautakusaidia mnara wa simu utakapokuwa jirani.

Mvuvi wa Kilwa au Shimoni mwenye redio ya VHF anaguswa na fizikia hii kwa namna nzito kuliko mpiga filamu. Redio yake hutumia FM, na katika FM wawili wakizungumza pamoja kwenye chaneli moja, risiva hulishika wimbi lenye nguvu zaidi na kulifuta dhaifu karibu lote. Ndiyo sababu maiki yako, kama nayo inatumia FM, ikizimwa, spika ya ukumbi inaweza ghafla kuanza kutangaza maneno ya mshereheshaji wa ukumbi wa pili: yeye alikuwepo muda wote, wewe ulikuwa umemfunika. Ukumbini ni kichekesho. Baharini, chombo kinachozama mbali kinaweza kufunikwa na mazungumzo ya bei ya samaki ya walio karibu, na hakuna atakayejua kwamba kuna mtu aliita. Marubani wa ndege wanaendelea kutumia AM, na faida mojawapo ni kwamba mawimbi mawili yakigongana husikika mluzi, angalau watu wajue kuna wa pili. Kwa mvuvi, chaneli ya 16 iachwe kwa wito na dharura, mazungumzo yahamie chaneli nyingine, na kitufe cha kuzungumzia kikaguliwe kisinate.

Wapo akina mama wanaouliza kama maiki inayobanwa kifuani ina madhara. Miliwati 10 hadi 50 ni kidogo sana. Simu ya kawaida ya 2G inaweza kupanda hadi wati 2 kwa vipindi vifupi. Kwa aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo shauri ni tofauti: ushauri wa kawaida kuhusu simu ni kuziweka angalau sentimita 15 kutoka kifaa hicho, na ni busara transmita ya maiki ikae kiunoni upande mwingine, baada ya kumuuliza daktari wake. Mwili nao huidhuru maiki. Umejaa maji yenye chumvi, na maji hayo hulinyonya wimbi. Antena iliyokunjwa na kubanwa kwenye ngozi yenye jasho hupoteza nguvu nyingi kabla wimbi halijatoka kwenye nguo. Kwenye megahezi 520 antena ya robo wimbi ina urefu wa sentimita 14 hivi. Iachwe inyooke, itengane na ngozi hata kwa kitambaa kilichokunjwa.

Kuna kishawishi cha kununua transmita yenye nguvu zaidi. Nakipinga, isipokuwa pale mtaalamu amepima na kuona hakuna njia nyingine. Nguvu ikiongezeka, yale mawimbi ya kuzaliwa hukua haraka kuliko mawimbi yenyewe: kwa aina niliyoieleza, ukizidisha nguvu ya maiki zote mara mbili, watoto wao hukua mara nane. Kupunguza nguvu, mwigizaji akiwa mita kumi tu kutoka kwenye risiva, mara nyingi husafisha sauti. Sentensi hiyo inaonekana kinyume na akili mpaka uijaribu.

Kabla ya kurekodi, washeni kila kitu kisichokuwa maiki: transmita za picha, taa za LED, skrini, diski, waifai. Kisha risiva zitafute masafa tupu maiki zikiwa bado zimezimwa. Watu wengi hufanya kinyume, wakitafuta masafa asubuhi kukiwa kimya halafu wakiwasha picha mwishoni, na wanashangaa. Maiki ziwashwe moja moja huku mtu akisikiliza, halafu mwenye maiki atembee mpaka mahali pa mbali kuliko pote atakapofika katika tukio. Mkwaruzo ukitokea sehemu moja tu ya chumba, huenda ni mwangwi wa wimbi lililogonga grili za dirisha au mabati, na kusogeza antena kwa kiasi cha kiganja kunaweza kutosha. Risiva ya maiki isogezwe mbali na transmita ya picha. Kutoka sentimita 20 hadi mita 2, kelele ya picha inashuka hadi sehemu moja ya mia, na gharama yake ni waya mrefu kidogo.

Waya bado ni mshindani asiyeshindika pale mzungumzaji hatembei. Mwalimu aliyeketi mezani, imamu kwenye mimbari, mtangazaji studioni, hawana sababu ya kutumia hewa inayogombaniwa. Kwa bwana harusi anayezunguka meza kwa meza, weka akiba: simu ya pili mfukoni mwake, imechajiwa, imewekwa kwenye hali ya ndegeni isirushe wala kupokea chochote, ikirekodi tangu mwanzo hadi mwisho. Piga kofi moja la nguvu mbele ya kamera kabla ya kuanza, ili mhariri apate mahali pa kulinganisha sauti na picha. Maiki ikikwaruza bwana harusi akila kiapo, kiapo kitakuwa kimehifadhiwa kwenye simu.